Gede: Mji Ulionyamaza

Ukishuka matatu pale Gede, karibu na Watamu, usitarajie makelele. Ndani ya msitu utakuta mji wa mawe: misikiti, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe 802 Hijria, yaani 1399. Vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa humo vyaonyesha wenyeji hawakuwa watu wa kubabaisha.

Mbona basi walihama karne ya 17? Wengine husema ni vita. Lakini hebu chungulia kisima cha msikiti mkuu: kilibidi kuchimbwa zaidi, maji yalikuwa yakididimia.

Mwaka 2024 UNESCO iliutambua mji huu kuwa urithi wa dunia. Nasi tusichore majina kutani, wala tusikate miti ovyo. Kisima kikikauka, jumba halinyweki!