Msonobari wa chunguni wataka subira, na karatasi mbili mpakani

UKITEREMKA barabara ya Port Bell kutoka Bugolobi, ukaipita Luzira hadi pale reli inapokutana na maji, huwezi kudhani kwamba hapa ni mahali pa kuzungumzia mti unaokaa juu ya meza. Bandari hii, iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell mwanzoni mwa karne ya 20, imezoea mzigo wa tani. Mabehewa hupandishwa melini mazima mazima. Baada ya MV Kabalega kugongana na MV Kaawa na kuzama mwaka 2005, safari zilizorota kwa miaka mingi, mpaka MV Umoja ya Tanzania iliporejea kutoka Mwanza mwaka 2018.

Lakini wapo wanaotafuta mzigo mwepesi. Ndugu aliyerudi kutoka Dubai au Ulaya na akiba kidogo, kiwanja chake ni futi 50 kwa 100, hana eka za kupanda miti ya mbao. Mama mwenye duka Busia au Mutukula hana miaka 15 au 20 ya kungoja gogo likomae. Ndipo linapoingia wazo la bonsai, miti midogo ya chunguni ambayo wengi wameiona katika hoteli za ng'ambo wakashangazwa na bei yake.

Kwanza tuelewane: bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida unaozuiwa kwa mkasi, waya na chungu kifupi ili ubaki mdogo huku ukizeeka. Wachina ndio walioanza, Wajapani wakaukuza usanii huo. Kule Omiya, karibu na Tokyo, kuna kijiji kizima cha mafundi wake, waliohamia huko baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 wakitafuta udongo na maji mazuri.

Mti unaotajwa kwanza ni msonobari, ambao wengine huuita msindano na wauza mbao husema paini. Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Misonobari ya Kijapani inayoonekana kwenye picha imezoea majira ya baridi yanayoupumzisha mti, na huku ziwani baridi ya namna hiyo haipo. Pinus patula, ule wa Sao Hill kule Mufindi, hupenda nyanda za juu. Port Bell ipo kiasi cha mita 1,135 tu juu ya usawa wa bahari. Unaostawi hapa ni Pinus caribaea, wenye asili ya Amerika ya Kati, uliopandwa kwa wingi Uganda tangu mwaka 2004 chini ya mpango wa SPGS uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Kasoro yake nisiifiche: majani yake ni marefu, hupita sentimeta 15, na hayakubali kupunguzwa sana. Kwa hiyo usiote mti wa kiganjani. Lenga mti wa kufika gotini au kiunoni, wenye shina nene.

Mbegu usiokote chini ya mti wa jirani. Mamlaka ya Taifa ya Misitu ina kituo cha mbegu za miti pale Namanve, nje kidogo ya Kampala. Walio upande wa Kenya wana KEFRI, Muguga.

Loweka mbegu katika maji safi kwa saa 24. Zile zinazoendelea kuelea mara nyingi ni tupu. Sia juu ya mchanga uliooshwa na kumwagiwa maji ya moto ukapoa, kisha funika kwa mchanga mwembamba, unene wa mbegu yenyewe, usizidi. Weka kivuli. Ndani ya wiki moja hadi tatu miche hutokeza ikiwa imevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Ndege hulipenda ganda hilo na hung'oa mche pamoja nalo, kwa hiyo tandaza wavu mapema.

Adui mkubwa ni kinyausi. Leo kitalu kizima ni kijani, kesho miche imelala chini kana kwamba mtu ameikanyaga, shina limeoza pale linapogusa mchanga. Chanzo ni vimelea vya ukungu, na mlezi wao ni maji mengi. Mwagilia asubuhi, kidogo, acha hewa ipite. Na maji ya kuchota ufukweni hapa siyashauri hata kidogo. Mfereji wa Nakivubo unaleta uchafu wa Kampala kwenye ghuba hiyo hiyo ya Murchison. Kinga maji ya mvua, au lipia ya bomba.

Mpaka hapo kazi haina tofauti na ya mwenye shamba la mbao. Tofauti inakuja mche ukiwa na wiki chache, shina bado laini kama bua la nyasi. Chukua wembe mpya, kata mzizi wote chini ya shina, chovya ncha katika dawa ya kuotesha mizizi, kisha upande tena kwenye mchanga safi na kuufunika kwa nailoni angavu kivulini. Mwenye huruma hawezi kazi hii. Baadhi itakufa. Itakayopona itatoa mizizi mipya inayosambaa pande zote kama miguu ya kiti, badala ya mzizi mmoja unaozama, na mnunuzi anayejua bonsai huangalia hapo kabla ya kuangalia matawi.

Ikishika, ihamishie kwenye mchanganyiko wa changarawe ndogo na mboji kidogo, pamoja na konzi ya udongo kutoka chini ya misonobari mizima iliyokomaa. Udongo huo una ukungu rafiki unaoisaidia mizizi kupata chakula. Bila huo, miche hudumaa na kuwa ya njano.

Lakini konzi hiyo isivuke mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya na Tanganyika ziliacha kupanda Pinus radiata kwa sababu ya ukungu wa majani uitwao Dothistroma. Chawa wa mti wa ua ambao wengi huuita saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Kenya mwaka 1990 na kuua miti mingi. Afisa wa Malaba anapomwaga chungu chako ana historia hiyo kichwani. Pata kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka nchi unakopeleka: KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania. Kisha omba cheti cha afya ya mimea kwa wakaguzi wa Wizara ya Kilimo ya Uganda, na uulize mapema kuhusu udongo. Mche uliofichwa ndani ya buti la gari ni hasara ya miaka, maana msonobari wa mbegu unahitaji takriban miaka kumi kabla ya kuitwa bonsai bila aibu.

Mteja anayetaka mti wake mapema mpe mutuba, ule ambao Waganda hutengeneza nguo kwa gome lake, kazi iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Kipande chake huota kwa urahisi, joto la ziwani halikisumbui, na huvumilia mkasi. Misonobari iache pembeni ikinenepa. Cheti cha mpakani mutuba nao unakihitaji.