Kompyuta za mtumba: Bei rahisi yaweza kuwa hasara

MFANYABIASHARA wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kufungua steshenari atakutana na kompyuta za mtumba zenye bei ya kuvutia. Sababu ipo. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine nyingi zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane hazikubaliki rasmi katika Windows 11. Ofisi zinazobadili mashine huuza zile za zamani.

Kabla ya kutoa fedha, ni vyema kukumbuka yaliyowapata walionunua mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Soketi tatu katika miaka minne

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kufikia Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003, hali ilikuwa imegeuka: kompyuta zilikuwa zimeondolewa kodi.

Lakini mlango ulifunguka wakati viwanda vikibadili vifaa kwa kasi. Pentium 4 iliingia sokoni Novemba, 2000 ikiwa na soketi ya pini 423. Mwaka 2001 ikaja ya pini 478, na mwaka 2004 ya 775. RAM nazo zilitoka SDRAM yenye pini 168, zikaenda DDR ya 184, kisha DDR2 ya 240. Hakuna iliyoingia katika nafasi ya mwenzake.

Hivyo mwenye mashine tano za rika tofauti hakuweza kung'oa kipuri cha mbovu akatengenezee nzima. Mashine moja ikifa, mtaji wake ulikufa nayo.

Umeme nao ni gharama

Katika miaka hiyo wauzaji walishindana kwa kasi ya prosesa. Kasi hiyo ililipiwa kwa umeme na joto: Pentium 4 ya gigahezi 3.8 ilipangiwa wati 115. Mwaka 2006 Core 2 Duo ilifanya kazi zaidi kwa wati 65, ingawa gigahezi zake zilikuwa chache. Aliyenunua kwa kutazama gigahezi alilipa mara mbili, dukani na kwenye LUKU.

Mkoa wa Mara wenyewe una mfano wa busara. Mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Sweden, ulipeleka mtandao katika wilaya za Bunda na Serengeti kwa kutumia nyaya za fibre zilizokuwamo katika njia za umeme za Tanesco. Watafiti wake walisisitiza vifaa vinavyokula umeme kidogo na kustahimili mazingira ya vijijini.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano. Kompyuta ya sh. 300,000 ikidumu miezi 12, gharama yake ni sh. 25,000 kwa mwezi. Ya sh. 540,000 ikidumu miezi 36, ni sh. 15,000 kwa mwezi. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Kwa hiyo mnunuzi azingatie mambo manne. Kwanza, anunue mashine za aina moja ili vipuri visaidiane. Pili, aulize kizazi cha prosesa na kama ipo chipu ya usalama ya TPM 2.0. Tatu, asome wati, si gigahezi peke yake. Kompyuta ya mapajani yenye betri nzima humaliza kazi ya mteja umeme ukikatika. Nne, mashine isiyopata tena marekebisho ya usalama ni hatari kwa steshenari, maana kila mteja huja na flashi yake na virusi vyake.

Mashine hizo za zamani hazikosi kazi. Zinaweza kuwekewa Linux, zikachapa barua na kutunza hesabu za duka. Ila bei yake iwe ya mashine inayokaribia kustaafu, na mnunuzi asione haya kumwambia muuzaji hivyo.