Kwa nini barua hubadilika sura katika Linux

WATUMIAJI wengi wa kompyuta wanaohamia mfumo wa Linux hukumbana na tatizo moja: barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa Microsoft Word na kuenea ukurasa mmoja, ikifunguliwa katika Linux huvuka hadi ukurasa wa pili na majedwali yake kusogea.

Kosa si la programu ya kuandikia. Fonti kama Calibri na Times New Roman zinalindwa kwa leseni, hivyo kwa kawaida hazigawiwi pamoja na Linux. Kompyuta inapozikosa hutumia nyingine yenye herufi za upana tofauti, na mistari hukatika mahali pengine.

Katika Ubuntu, programu ya LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, huwekwa kwa amri hii:

sudo apt install libreoffice

Kisha huongezwa fonti za bure zenye vipimo sawa: Carlito hushika nafasi ya Calibri, na Liberation Serif, iliyotolewa na Red Hat mwaka 2007, hushika ya Times New Roman:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-liberation

Baada ya hapo programu ifungwe na kufunguliwa upya.

Anayemtumia mwajiri barua ni vyema aihifadhi kwanza kama PDF, kwani faili hilo hubeba fonti zake ndani.