Kibaya Chajitembeza: Itibari ya Kukodi katika Biashara ya Kamari ya Mtandaoni

Mtu ashukaye matatu ya nambari 125 mjini Ongata Rongai wakati wa magharibi, taa za Barabara ya Magadi zikianza kuwaka na wachoma mahindi wakipepea makaa yao, huwakuta vijana wa boda boda pale steji wameinamia simu zao kama watu wasomao dua, ijapokuwa abiria wapita mbele yao. Na akisogea karibu huona kidege chekundu kikipaa katika kioo cheusi, na tarakimu zikipanda pamoja nacho, 1.20, 1.85, 2.40, hata ghafla kidege kikatoweka, na fedha ya kila aliyechelewa kuitoa ikatoweka nacho.

Mmoja wa vijana hao, ambaye hunichukua mara kwa mara hadi Kware, alinionyesha simu yake. Alikuwa amejiunga na kundi la Telegram la mtu aliyejitangaza kuwa na ishara za uhakika za Aviator, mchezo wa kidege kile, akapewa kiungo cha kasino asiyopata kuisikia, akaweka shilingi 500, na kwa jioni moja akaona salio lake limefika 4,300. Alipoomba kutoa fedha hizo aliambiwa atume kwanza shilingi 300 za kuthibitisha akaunti. Akazituma, na tangu saa ile hakujibiwa tena.

"Ulimwaminije mtu usiyemjua?" nikamuuliza.

"Mzee, si yeye niliyemwamini," akasema. "Niliona meseji za M-Pesa za wenzangu walioshinda. Na picha ya msanii ilikuwa pale pale."

Jawabu lile lina somo zima la biashara hii ndani yake. Kijana hakuiamini kasino, wala hakumwamini yule mwenye kundi. Aliwaamini wenzake na msanii ampendaye, na kasino ikaja ikapanga ndani ya imani hiyo kama mpangaji apangaye chumba katika nyumba ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo kasino zenye jina bovu zinavyojitakasa siku hizi: hazijengi itibari, bali huikodi.

Wafanyabiashara wa pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mombasa, walikuwa na desturi waliyoiita mali kauli, ambayo kwayo mwenye duka alimpa mchuuzi bidhaa bila kupokea hata pesa moja, kwa ahadi ya mdomo tu kwamba atakaporudi atalipa. Desturi hiyo haikusimama kwa sababu watu wa zamani walikuwa malaika. Ilisimama kwa sababu aliyevunja kauli yake jina lake lilikufa duka kwa duka na bandari kwa bandari, na gharama ya kulifufua ilizidi faida ya kudhulumu. Katika kamari ya mtandaoni gharama hiyo imeshuka mno, maadam nyumba iliyokataa kuwalipa wateja wake leo yaweza kesho kubadilisha jina, rangi na anwani ya tovuti, kisha ikarudi sokoni kwa vinywa vya watu ambao hawana doa lolote.

Soko lenyewe ni kubwa, na limekua haraka kuliko sheria yake. Sheria ya kamari ya Kenya, Sura ya 131, ilitungwa mwaka 1966, wakati kasino ilikuwa jumba lenye mlango na bawabu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na simu za kisasa zikafuata kwa bei nafuu, mlango ule ukahamia mfukoni. Uchunguzi wa kampuni ya GeoPoll wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 76 ya vijana waliohojiwa Kenya wamewahi kucheza kamari, kiwango kilichozidi cha nchi nyingine zote za Afrika zilizohojiwa. Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 kwa mgogoro wa kodi, SportPesa na Betin zikasimamisha kazi zao nchini, na ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 ukawekwa juu ya kila dau. Ushuru huo ukaondolewa mwaka 2020, ukarudi mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikauhamisha kutoka kwenye dau, ukawa asilimia 5 ya kila fedha inayoingizwa katika akaunti ya mchezaji. Katika kupanda na kushuka huko kote Hazina ilikuwa ikiuliza nani alipe kodi. Swali la nani alipwe ushindi wake halikupata bidii kama hiyo.

Yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, nayo ni mchezo wenye hasara ya wazi na mchezo wa ghiliba. Aviator, iliyobuniwa na kampuni ya Spribe ya Georgia na kutolewa mwaka 2019, hutangaza wazi kwamba hurudisha kwa wachezaji wastani wa asilimia 97 ya madau, na msikilizaji asiyepiga hesabu hudhani kwamba shilingi tatu katika mia ni kitu kidogo. Lakini duru moja huchukua sekunde chache tu, na mwenye kurudisha mezani yote aliyobakiwa nayo, kwa hesabu ya wastani, atakuwa amepoteza nusu ya fedha yake baada ya duru 23, na baada ya duru 100 hatabaki hata na shilingi tano katika mia. Chovya chovya yamaliza buyu la asali, na hapo hakuna aliyemwibia. Hesabu imefanya kazi yake mbele ya macho yake. Fauka ya hayo, matokeo ya kila duru hutokana na namba za nasibu zisizoweza kuonekana kabla ya duru kuisha, kwa hiyo kila auzaye ishara za kidege auza kitu ambacho hakipo.

Mchezo wa ghiliba hautaki hata hesabu hiyo. Njia yake iliyo maarufu ni ile ya kuchelewesha malipo hadi mshindi achoke: kitambulisho kinaombwa baada ya ushindi na si kabla, picha inakataliwa, ada mpya inabuniwa. Ya pili ni zawadi yenye masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Mteja aweka shilingi 1,000, apewa nyingine 1,000 za hiba, kwa sharti kwamba acheze mara 35 ya hiba hiyo kabla ya kutoa chochote, yaani madau ya shilingi 35,000. Na katika mchezo unaokula tatu kwa mia, hasara ya wastani ya madau hayo ni shilingi 1,050, kwa hiyo hiba imekwisha kuliwa na hamsini juu yake kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa, nyumba ya namna hiyo itawezaje kupata wateja wapya, hali wale wa zamani wamekwisha kuilaani? Hapa ndipo aingiapo dalali wa mtandaoni, ambaye ndiye mhimili wa biashara hii. Yeye ndiye mwenye ukurasa wa kusifu kasino kumi bora, mwenye kundi la mikeka ya ubashiri, mwenye video ambamo salio hupanda kwa maelfu, na kila kiungo akitoacho kina alama yake ili mteja ahesabiwe kuwa ni wake. Hulipwa ama ujira wa mara moja kwa kila mchezaji aliyeweka fedha, ama fungu la hasara ya mchezaji huyo mwezi baada ya mwezi, fungu ambalo aghalabu huanzia robo na kwa madalali wakubwa hukaribia nusu. Kijana akipoteza shilingi 10,000, na fungu likiwa asilimia 30, yule aliyemwita "ndugu yangu" na kumtakia bahati njema amepata 3,000.

Dalali wa mnadani tangu zamani amelipwa kutokana na mauzo, na kama bidhaa ilikuwa mbovu mnunuzi alijua pa kumpata. Dalali huyu hulipwa kutokana na kufilisika kwa yule anayemshauri, na akitafutwa hapatikani. Mshauri ambaye riziki yake ni hasara yako, hata akiwa mkweli katika mambo yake mengine yote, katika jambo hili hawezi kukutakia mema.

Dunia imekwisha kuliona jambo hili kwa kipimo kikubwa. Katika miaka ya 2007 na 2008 ilidhihirika kwamba katika tovuti mbili za poka, Absolute Poker na UltimateBet, watu wa ndani walitumia akaunti za siri zilizowawezesha kuona karata za wapinzani wao, na UltimateBet peke yake ilirudisha zaidi ya dola milioni 22. Badala ya kufunga milango, tovuti hizo ziliunganishwa katika mtandao mmoja ulioitwa Cereus, UltimateBet ikafupisha jina ikawa UB, wachezaji mashuhuri wakaendelea kuvaa nembo yake mbele ya kamera, na wateja wakarudi. Mnamo Aprili 2011 serikali ya Marekani ilipozishtaki, ilionekana kwamba fedha za wateja hazikuwapo za kuwalipa, na wengi walingoja miaka kadhaa. Matangazo yaliirudisha itibari, naam, lakini sanduku halikurudishiwa fedha.

Hata leseni nayo yaweza kuwa pambo la kukodi. Kwa miaka mingi kisiwa cha Curaçao katika Karibi kiliwaruhusu wachache wenye leseni kuu kuwagawia wengine leseni ndogo ndogo, hadi sheria mpya ilipoanza kutumika Desemba 2024. Na siku hizi tovuti nyingi hujivunia leseni ya Anjouan, ambacho si kisiwa cha mbali, bali ni Nzwani ya Komoro, jirani yetu wa bahari moja, ambako Benki Kuu ya nchi imelazimika kuonya juu ya leseni za benki zinazotolewa kwa jina la kisiwa hicho bila idhini yake. Mkazi wa Kitengela aliyedhulumiwa na tovuti ya namna hiyo atapeleka mashtaka yake wapi, na kwa nauli gani?

Serikali ya Kenya imeanza kuamka. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha zikaja kanuni zinazokataza watu mashuhuri na washawishi wa mitandaoni kuyafanya, na kutaka kila tangazo lipite kwanza mbele ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Na tarehe 7 Agosti mwaka huo huo Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyounda mamlaka ya kuchukua nafasi ya BCLB. Hatua hizi ni njema, kwani zimeshika pale penye ugonjwa, yaani uso wa kukodi. Lakini redio ina mlango unaojulikana na kundi la Telegram halina, na dalali aliyefukuzwa katika bango la barabarani atahamia katika simu, asikoonekana na mkaguzi. Kwa hiyo mamlaka mpya haina budi kumfuata kwa njia ya fedha, maana kila shilingi iliyotoka Rongai ilipita katika nambari ya malipo yenye mwenyewe, na nambari hiyo yaweza kuulizwa na kufungwa.

Na nyumba inayodai kwamba imetubu, ikataka tuiamini tena, dawa yake i karibu. Mwenye bucha wa Tuala hakuajiri msanii amsifu. Huweka mizani juu ya meza, uso wake ukimwelekea mnunuzi, na ratili ikipungua kila mtu ameona. Na itangaze basi ni maombi mangapi ya kutoa fedha iliyapokea mwezi uliopita, mangapi iliyalipa, kwa muda wa saa ngapi, na mangapi iliyakataa na kwa nini. Iombe kitambulisho siku ya kuweka fedha na si siku ya kutoa. Na imlipe dalali wake ujira ambao hauongezeki kwa machozi ya mteja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee. Kijana wangu wa boda boda hahitaji mtu wa kumwambia kwamba kasino fulani ni ya kuaminika. Alichohitaji jioni ile ni shilingi zake 4,300, au kama ushindi ule ulikuwa uongo tangu mwanzo, basi zile 800 zilizokuwa za kweli.