Kanda nilizochoma hazikuwa zangu

Leo nakuomba uvumilivu, maana nitakutajia jina ambalo pengine hukulitarajia katika safu ya Jumapili: Remmy Ongala. Ndiyo, yule wa Super Matimila, Dokta Remmy, "Sura Mbaya" kama alivyopenda kujiita mwenyewe. Kama wewe ni kijana, huenda unalijua jina lake kwa sababu tu pale Sinza, Dar es Salaam, kuna mahali panaitwa Kwa Remmy. Kama umri wako na wangu ni mmoja, huhitaji kuelezwa.

Kwa Jumamosi saba sasa nimekuwa nikitoka Mwanza kwenda Sengerema kukaa na kaka yangu, tukisikiliza nyimbo za mtu huyo. Si nyimbo mbili tatu. Ni zote tulizoweza kuzipata, kwa kufuata miaka, tangu alipokuwa mwimbaji katika bendi ya mjomba wake hadi alipofunga kazi akiimba injili. Nataka nikueleze kwa nini, na ukinihukumu utakuwa na haki.

Miaka ya tisini kaka yangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki pale mwaloni Kirumba. Alikuwa akienda Ukerewe kununua sangara, anarudi, anauza, anaondoka tena. Mimi nilikuwa nikiishi kwake, nikila chakula chake. Starehe yake ilikuwa moja tu, katoni ya kanda chini ya kitanda, zaidi ya thelathini, na karibu zote zilikuwa za Remmy. Chache alizinunua dukani. Nyingi alizirekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu akisubiri mtangazaji anyamaze. Juu ya kila kanda aliandika mwaka kwa kalamu ya wino, akazipanga kwa mstari. Ukichomoa moja ya katikati, alikuwa anakuzuia. "Mtu hasikilizwi kuanzia katikati, mdogo wangu," ndivyo alivyokuwa akiniambia.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Wewe uliyekuwa Mwanza siku ile huhitaji kusimuliwa. MV Bukoba ilikuwa imekaribia kabisa bandari yetu ilipopinduka na kuzama na mamia ya watu. Mji mzima ulikuwa msiba. Miongoni mwao alikuwamo rafiki wa kaka, mtu wa Bukoba aliyekuwa akituletea ndizi, ambaye safari zote alilala nyumbani kwetu na kugawana na mimi mkeka. Hatukumpata.

Wiki ile kaka alicheza wimbo mmoja tu, "Kifo". Anaucheza, anarudisha kanda kwa kalamu ili asimalize betri, anaucheza tena. Mimi sikuweza kuuvumilia. Usiku niliona maji. Miezi michache baadaye nilikwenda kwenye mkutano wa injili, nikampokea Bwana Yesu, na hilo silijutii hata leo. Ila mhubiri wa usiku wa mwisho alifundisha kutoka Matendo ya Mitume 19, pale watu wa Efeso walipoleta vitabu vyao vya uganga wakaviteketeza hadharani, mali ya vipande vya fedha hamsini elfu. Akatuambia twende nyumbani tukafanye vivyo hivyo.

Nilikwenda nyumbani. Kaka alikuwa Ukerewe. Nikachukua katoni ile, nikaenda nayo nyuma ya nyumba kwenye shimo la taka, nikaimwagia mafuta ya taa. Sijui kama umewahi kuona kanda ikiungua. Haiwaki kama karatasi. Inajikunja, inatoa moshi mweusi, na harufu yake hukaa kwenye nguo siku mbili. Niliimba pambio huku nikichochea kwa fimbo.

Kaka aliporudi nilimwambia tumeibiwa. Aliinama akatazama chini ya kitanda, kisha akainuka akaitazama redio kaseti yake, ambayo ilikuwa palepale juu ya meza. Mimi, katika bidii yangu yote, sikuwa nimefikiria kwamba hakuna mwizi anayebeba kanda akaacha redio. Hakusema neno. Alikwenda kuoga.

Ndugu msomaji, miaka 28 nimesimama mbele za watu na Biblia mkononi, na Matendo 19 nimeihubiri zaidi ya mara moja. Siku moja, nikiandaa somo, ndipo nilipoona jambo lililokuwa limeandikwa pale siku zote: watu wa Efeso walichoma vitabu vyao wenyewe. Walitubu kwa mali yao. Mimi nilitubu kwa mali ya kaka yangu, aliyekuwa amenilisha. Na Kutoka 22:6 inamtaja mtu awashaye moto, ukashika miiba na kula mavuno ya jirani yake. Sheria haiulizi nia ya huyo mwasha moto ilikuwa njema kiasi gani. Inasema alipe.

Nikanyamaza nalo hata hivyo. Mwaka jana kaka alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakapotea. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, lakini akitaka maji hawezi kusema maji. Nilikuwa nimekaa naye mmoja wa majirani alipofiwa, redio ya pale msibani ikapiga "Kifo", na kaka yangu, ambaye kwa miezi mitatu hakuwa ametamka sentensi, akaimba. Maneno yote, kwa mpangilio wake.

Nilidhani ni muujiza, na sikatai kuuita hivyo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba jambo hilo linajulikana. Kwa watu wengi usemi hukaa upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ukiumia, mtu anaweza kupoteza maneno ya kusema, lakini yale aliyoyazoea katika wimbo yakabaki, kwa sababu uimbaji hutegemea pia upande wa pili. Nilikumbuka kwamba Remmy aliuita muziki wake "ubongo". Alikuwa akitania, na hakuwa akitania.

Hapo nikajua deni langu linalipwaje. Mpwa wangu alinitafutia nyimbo kwenye intaneti, akazitia kwenye kadi ya simu, na nikamwomba azipange kwa miaka kama zilivyokuwa zimepangwa kwenye katoni. Ilimchukua wiki mbili, kwani huko zimetupwa ovyo kama dagaa kwenye ungo. Siku hizi safari nayo ni nyepesi. Zamani tungepoteza saa nzima Kigongo tukisubiri kivuko. Sasa daraja lililofunguliwa Juni 2025 linakufikisha Busisi hujamaliza sala yako.

Jumamosi ya kwanza tulianza na Makassy. Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, akafiwa na mama angali mtoto, akalelewa na muziki zaidi ya kulelewa na watu. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Wimbo uliomtambulisha ulikuwa "Siku ya Kufa", maombolezo ya rafiki. Fikiri kidogo hapo. Kijana mgeni mjini, katika kumbi za dansi ambako watu wamelipa kiingilio ili wasahau, anaanza na jeneza! Mhubiri angefanya hivyo tungemwita mtumishi. Mhubiri wa Agano la Kale mwenyewe, Mhubiri 7, anatuelekeza kwenye nyumba ya matanga kabla ya nyumba ya karamu.

Jumamosi ya pili na ya tatu ilikuwa "Nalilia Mwana", albamu iliyotolewa Uingereza mwaka 1988 na watu wa tamasha la WOMAD, ambao walimwalika huko baada ya kanda yake kuwafikia. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Matimila. Ndani yake kuna "Mnyonge Hana Haki". Mwaka uliofuata, 1989, ikatoka "Songs for the Poor Man", iliyotengenezwa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, nayo ina "Sauti ya Mnyonge". Hili nisingeliona kama nisingesikiliza kwa mpangilio: mnyonge ambaye jana hakuwa na haki, leo hajaipata bado, lakini ana sauti. Nilisimamisha simu nikamwambia kaka. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyechelewa kujua kusoma.

Katika albamu hiyohiyo kuna "Muziki Asili Yake Wapi". Tumelijibu swali hilo makanisani kwa haraka mno: wa kwetu umetoka mbinguni, wa kwao umetoka kuzimu. Fungua Mwanzo 4:21. Baba wa wote wapigao kinubi na filimbi anaitwa Yubali, naye ni wa uzao wa Kaini. Si wa Sethi. Chombo alichopiga Daudi mbele ya Sauli, roho mbaya ikaondoka, kilikuwa na mizizi yake katika ukoo wa muuaji, na Mungu hakukikataa.

Sitaki udhani nimegeuka kuwa mpenzi asiyeona kasoro. "Mambo kwa Soksi", ule wimbo wa kinga dhidi ya Ukimwi ambao redio ya taifa ilikataa kuupiga, bado unanipa shida, na ushauri wake sikubaliani nao wote. Lakini niliposikiliza niliikumbuka Mwanza ya miaka ile, tulivyokuwa tukizika Jumamosi kwa Jumamosi, na mahubiri yetu yakisema tu "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Yeye alikitaja kilichokuwa kikituua. Sisi tulikuwa na mimbari na hatukukitaja.

"Mambo", ya mwaka 1992, tuliipita upesi. Ina nyimbo kadhaa za Kiingereza, na kwa masikio yangu Remmy wa Kiingereza ni Remmy aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Kaka alilala.

"Kifo" tuliupa Jumamosi yake peke yake. Sikuupenda mwaka 1996 kwa sababu ulilalamika bila kutoa faraja, nami nilitaka faraja. Safari hii nilikuwa na Zaburi ya 88 wazi mapajani. Isome leo ukipata nafasi. Ni zaburi inayoanza kwa kilio na kuishia gizani, haina ule mstari wa mwisho wa kututia moyo, na walioikusanya Biblia hawakuuongeza. Kaka aliimba "Kifo" mpaka mwisho, na jina la rafiki yetu wa ndizi likamtoka baada ya wimbo, waziwazi. Jina moja tu.

Ilibaki injili. Unajua kwamba Remmy naye alipata kiharusi, na katika miaka yake ya mwisho aliokoka, akaacha dansi, akaimba nyimbo za Yesu hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Nikuungamie jambo jingine: safari hii yote nilikuwa na mpango. Kaka yangu hajaokoka. Nilijiambia kwamba tukifika mwisho wa mstari, ataona mtu wake aliishia wapi, ugonjwa uleule, naye atanyosha mkono. Nilikuwa nimemwandaa na mchungaji, yuko tayari kwa simu.

Basi Jumamosi iliyopita tukazisikiliza. Nitakuwa mkweli: hazina nguvu ya zile gitaa na saksafoni za Matimila. Sauti imechoka. Lakini mtu ni yuleyule, hofu ya kaburi ni ileile, ila sasa ana wa kumwambia. Mimi ndiye niliyelia. Kaka alitikisa kichwa taratibu kufuata mdundo, na zilipoisha hakunyosha mkono wowote.

Nikaona sina haki ya kumwita mchungaji kabla sijasema. Nikamwambia, "Kaka, zile kanda hazikuibiwa. Nilizichoma mimi."

Alicheka. Kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mabega yakitikisika, mpaka shemeji akaja kutoka jikoni kuona kuna nini. Nikarudia mbele yake. Shemeji akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Shemeji, hilo tunalijua tangu jioni ileile. Alikwenda shimoni na tochi akakuta vile viskrubu vidogo kwenye majivu, akavijaza mkononi. Mimi nilitaka kukufukuza. Akaniambia, mwache, bado anaogopa."

Luka 15 ina kaka mmoja aliyesikia nyimbo na machezo ndani ya nyumba akakataa kuingia. Siku zote nimehubiri kwamba ni yule mkubwa.

Mchungaji sikumpigia. Nitampigia, lakini kaka akitaka, si mimi nikitaka. Na kumwombea siachi, nawe nakusihi umwombee. Nilipokuwa nikifunga simu kwenye mfuko niondoke, alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akaonyesha kidole kimoja. Nikadhani anataka wimbo mmoja zaidi. Akatikisa kichwa, akaonyesha tena, akaguna kwa hasira ile ya zamani ya mtu aliyechomolewa kanda ya katikati. Shemeji ndiye aliyeelewa: anataka ya kwanza. Jumamosi ijayo tunaanza tena na Makassy.