Muguu ulikatwa, safari isikatwe

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama munaosoma hii gazeti ku nyumba,

Mwezi uliopita nilisindikiza mwenzetu mmoja kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi. Zamani tulishuka naye mu shimo moja. Siku ile jiwe lilimuangukia, munganga akakata muguu juu ya goti. Sasa alikuwa na randevu ya kupimiwa muguu wa kutengeneza. Ni kilometa 300 hivi. Ile njia haikumushinda. Kilichomushinda ni ngazi tatu za bisi.

Ngazi ya kwanza ilifika karibu ku goti. Vijana babili bakamubeba sawa mufuko wa makala, bantu banaangalia. Kinga yake ya mikono wakailipisha sawa muzigo. Pa Likasi wote tukashuka kwenda choo, yeye akabaki. Toka asubuhi hakunywa hata maji, juu aliogopa hiyo saa. Akaniambia: « Yaya, muguu hauniumize tena. Kubebwa njo kunaniumiza. »

Na sheria iko. Mwaka 2015 Congo iliingia mu mapatano ya ONU juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, namba 22/003. Mapatano yale yanataka majengo na magari vitengenezwe toka mwanzo kwa kila mutu. Ron Mace wa Marekani, muchoraji wa majengo, alipigania hiyo fikra. Yeye mwenyewe polio ilimushika angali mutoto, akatembea mu kiti cha magurudumu.

Si kazi ya ajabu. Mahali pa ngazi, weka mutelemuko: kwa sentimeta 10 za kupanda, sentimeta 120 za urefu. Choo, mulango wa sentimeta 90 na chuma ya kujishikia. Basuderi ba kwetu banaweza kufanya ile. Na itasaidia pia mama mwenye mimba, muzee, na mwenye kusukuma muzigo.

Kwa hiyo ndugu, delege wenu akikaa ku meza na wakubwa wa kompani, asiombe mushahara tu. Aombe bisi ya kazi yenye ubao wa kupandia, na mutelemuko ku kliniki na ku ofisi ya malipo.

Sisi tunashuka kila siku. Hakuna anayejua atapanda na miguu mingapi.