Je, Wajua? Jua Busia, Neptuni Tororo

Picha za sayari kwenye kishikwambi hudanganya. Kwenye kioo cha sentimita 25, Jua upande huu na Neptuni upande ule, Jua lenyewe halifiki milimita 0.1, ndiyo maana wachoraji huzikuza sayari na kuzisogeza. Afadhali mwalimu afungue ramani ya kidijitali. Jua likikaa mjini Busia na Neptuni mjini Tororo, yapata kilomita 27 kwa mstari ulionyooka, Jua litakuwa na kipenyo cha mita 8 na ushei. Dunia, sentimita 8 tu, itakuwa mita 900 kutoka hapo, na Mwezi mita 2.3 kando yake. Wapo watakaopinga wakisema mtoto hawezi kuyaona yote kwa pamoja. Kweli, lakini barabara ya Tororo anaijua.